Kiuno cha Ukoo

Daktari Awuor aliniuliza kama karani wa sensa:
Mama ana kisukari? Hapana.
Baba? Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto,
cha tatu akakikatalia, akazikwa nacho Chavakali.
Dada za baba? Mmoja tu. Kageha.
Alizaa?
Nikanyamaza. Nje, jua la Kisumu lilikuwa limelalia mabati
na mtu akiuza omena kwa sauti ya mahubiri.

Mimi ni fundi wa nguo, soko la Kibuye, kibanda cha kona.
Viuno vya watu ndivyo riziki yangu.
Namjua bibi harusi aliyeacha kula tangu Alhamisi,
namjua mwalimu anayevuta tumbo ndani
futi inapomzunguka.
Changu, kidato cha pili, kilikuwa sentimita sitini na mbili.
Mwaka huu, tisini na nane.
Na sili kumzidi dada yangu Vugutsa,
aliyejifungua mara tatu na sketi ya shule bado inamwingia.

Hedhi yangu huja kama jamaa wa mjini:
Januari, halafu kimya, halafu Juni,
bila simu, bila kubisha hodi.

Daktari akachora miduara ya wanawake, miraba ya wanaume,
mistari ikishuka kama mvua ya alasiri.
Si jeni moja, akasema. Ni nyingi,
kila moja inasukuma kidogo,
kama watu wanaosukuma lori kwenye matope ya Luanda:
hakuna awezaye kusema, ni mimi niliyelitoa.
Insulini inagonga, seli inasikia, haifungui.
Kongosho inapaza sauti.
Ovari, jirani tu, inaamshwa na kelele zisizoihusu,
inamimina homoni za ndevu,
na mayai yanabaki foleni, madogo, mengi,
hakuna linaloitwa.

Lakini baba, nikasema, hana ovari.
Ana damu, akajibu. Alipata upara mapema?
Kwenye picha ya harusi amevaa kofia.
Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Shangazi Kageha ndiye aliyenifundisha cherehani.
Alikuwa na wembe kati ya kurasa za kitabu cha nyimbo za kanisa;
nilidhani ni wa kukatia uzi.
Kumbe kabla ya jogoo alinyoa kidevu gizani, kwa kupapasa,
kioo kisije kikashuhudia.
Mwaka wa nne mumewe alimrudisha na sanduku lake,
na maneno yakafika nyumbani kabla yake:
dume, gumba, mlafi.
Wakaketi kutafuta kosa. Kuku akachinjwa.
Walitafuta kila mahali
isipokuwa kwenye damu ya kaka yake,
aliyeketi palepale, kofia kichwani, akisikitika.

Nikampigia jioni. Ana sitini na nane, nyayo humwaka usiku.
Nikamweleza kwa Kilogooli, neno jeni likanikwama,
nikasema: mbegu ndogo ndani ya mbegu.
Nikasikia ng'ombe wa jirani upande wake.
Kisha: "Kwa hiyo hakuna niliyemkosea."
Hakuna, shangazi.
"Na yule mwanamume amekufa bila kujua."
Ndiyo.
"Hiyo dawa yako, inatibu na nyayo?"
Nikamwambia Jumatatu aende apimwe sukari, asinywe chai kwanza.
"Hata ya rangi?"
Hata ya rangi.

Vidonge vinanichafua tumbo. Natembea hadi Kondele na kurudi,
sentimita mbili zimeondoka, moja imerudi.

Leo Imali, binti wa Vugutsa, amekuja kupimwa sare.
Miaka kumi na minne. Nyuma ya shingo ana kivuli cheusi,
kama kola iliyoishinda sabuni.
Mama yake amemsugua kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka.
Anainamisha kichwa, anajua nimeona.
Nimeweka futi chini.
Nani, nikamuuliza, amekwambia huo ni uchafu?